Kaa au Mwali: Ulinganisho wa Cheche na Vishika Moto kwa Anayejifunzia Nyumbani

Anayetaka kujifunza kuwasha moto bila kiberiti huwa na maswali mawili, na huyauliza kila moja peke yake. Kifaa gani hutoa cheche nyingi? Kitu gani hushika moto upesi? Akishapata majibu, anakutanisha kifaa na kishika moto alichokiandaa, anagonga mpaka mkono unauma, na pamba inabaki nyeupe vilevile.

Tatizo liko kwenye huko kutenganisha maswali. Cheche hazifanani. Kuna cheche nzito, zenye joto kali, zinazoendelea kuungua hata baada ya kutua. Hizi huwasha mwali pale pale. Na kuna cheche ndogo zinazopoa kabla hujapepesa jicho. Hizi haziwashi mwali hata ukizimwaga juu ya pamba kutwa nzima, ila zikiangukia kitu kinachofaa huanzisha kaa, yaani doa jekundu linalotambaa polepole bila ndimi. Kaa hilo ndilo huvuviwa baadaye likawa moto. Kwa hiyo kuna njia mbili, ya mwali na ya kaa, na kila kifaa na kila kishika moto kina upande wake. Kupekecha kwa ulindi nimekuacha kando, kwa sababu huko hakuna cheche. Ni msuguano mtupu.

Ufito wa feroseriamu na chuma cha gumegume

Ufito wa feroseriamu ni kile kijiti cha kijivu kinachouzwa pamoja na kikwaruzo chake. Wengi hudhani ni jiwe, kumbe ni aloi: seriamu kwa wingi, pamoja na lanthanamu, chuma na metali nyingine kidogo, mara nyingi magnesiamu. Aliyeibuni ni mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, na hataza yake ni ya mwaka 1903. Huyuhuyu ndiye aliyebuni kile kitambaa cheupe kinachong'aa ndani ya karabai. Vitambaa vile vilihitaji thoriamu, iliyotolewa kwenye mchanga wa monazaiti, na katika kuitoa kulikuwa kunabaki seriamu na metali jamaa zake bila kazi yoyote. Akazitafutia kazi.

Siri ya seriamu ni kwamba ikikwaruzwa vipande vidogo hushika moto hewani kwenye joto la nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi tu. Joto hilo mkwaruzo wenyewe unalitoa. Vipande vikishawaka hufikia karibu nyuzi 3,000, na vile vikubwa hudondoka vikiwa bado vinaungua. Kumbuka hilo la kudondoka, tutalirudia.

Chuma na gumegume ni mambo ya kinyume. Jiwe ndilo linalokwaruza, chuma ndicho kinachochunwa. Gumegume, au jiwe lolote gumu lenye ukingo mkali kama kwatzi (ambayo ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10), hung'oa vichembe vidogo sana vya chuma, navyo huungua vikiwa hewani. Ndiyo maana si kila chuma kinafaa. Kinatakiwa kiwe na kaboni nyingi na kiwe kimefanywa kigumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Tupa kuukuu inafaa sana ukiyasaga meno ya ukingo mmoja yakaisha, mradi wakati wa kuisaga uwe unaichovya majini. Ikipata moto hadi ikabadilika rangi, ugumu wake umekwenda. Msumari wa kawaida ni laini mno. Kisu cha chuma kisichoshika kutu nacho kwa gumegume kitakuchosha bure, ingawa mgongo wake unaweza kukwaruza feroseriamu vizuri kabisa.

Kwa wingi na joto la cheche, ufito unashinda bila ubishi. Mkwaruzo mmoja mzuri unatosha kuwasha pamba, juti iliyochambuliwa, hata nyasi laini zilizokauka barabara. Ukilowa unaufuta kwa nguo na kuendelea. Chuma na gumegume hutoa cheche chache, na nyingi huzimika njiani.

Kwa kudumu, mambo yanageuka. Ufito unaliwa, kila cheche ni sehemu yake iliyokwenda. Wenye unene wa milimita 6 ni mwembamba na unaweza kukatika ukikandamizwa vibaya, hivyo kwa mazoezi ningechukua wa milimita 8 hadi 10. Tena haupendi chumvi na unyevunyevu. Ukisahaulika mahali pa namna hiyo unaota ukoko na kuanza kumung'unyika, na wenye uzoefu huupaka nta au rangi ya kucha kabla ya kuuweka akiba. Chuma na jiwe hazina makeke hayo. Chuma kikishika kutu unakipiga msasa, jiwe likiwa butu unalibandua ukingo mpya, na vyote viwili vinaweza kuishi kuliko wewe. Ila unapobandua jiwe vaa miwani, maana vipande vyake ni vikali kama kioo kilichovunjika.

Kuna hoja moja ambayo wanaolinganisha vifaa hivi huiruka. Joto ambalo ni sifa ya ufito ukiwa porini linageuka kuwa kasoro yake ukiwa nyumbani. Vile vipande vinavyodondoka vikiwa vinawaka hutoboa zulia, nguo ya poliesta na sakafu ya plastiki, na vinaweza kuruka mbali kuliko unavyotarajia. Cheche za chuma na gumegume hazina nguvu hiyo. Zikiangukia mezani nyingi zimekwisha kufa. Hivyo ushauri uliozoeleka, kwamba anayeanza aanze na feroseriamu kwa sababu ni rahisi, naukubali kwa mtu mwenye uwanja wa wazi. Mwenye kibaraza finyu ningemwambia aanze na chuma na gumegume. Atachukua muda zaidi kupata moto wa kwanza, lakini hatakuwa anamwaga metali inayoungua karibu na mapazia.

Vyanzo vingine ambavyo utavisikia

Kiberiti cha gesi kilichoisha bado kina kijiwe chake, na kijiwe hicho ni feroseriamu ileile kwa umbo dogo. Zungusha gurudumu polepole juu ya pamba ili likwangue unga bila kutoa cheche, ukusanye unga wa kutosha, kisha lizungushe kwa nguvu. Unga unalipuka na pamba inashika. Kwa mtu asiyetaka kutumia hela yoyote kwenye jambo hili, hapa ndipo pa kuanzia, na mimi ninaipenda njia hii kuliko wengi wanavyoipa heshima. Hakikisha tu gesi imekwisha kweli, na usikivunje kiberiti ili kutoa kijiwe.

Betri ya volti 9 na nyuzi laini za chuma, zile za kiwango cha 0000, huleta kaa mara moja kwa sababu umeme hupasha nyuzi mpaka zikaungua zenyewe. Inapendeza watoto kuiangalia, lakini haifundishi mkono chochote. Waya nyingi za kusugulia sufuria ni nene au ni za chuma kisichoshika kutu, nazo hazishiki. Na betri hiyo isikae droo moja na nyuzi hizo. Zikigusana gizani hakuna atakayejua mpaka droo ianze kutoa moshi.

Kipande cha magnesiamu kinachokwanguliwa unga ninakiacha nje ya nyumba kabisa. Unga wake unapeperushwa na upepo mdogo, kuukusanya kunachosha, ukiwaka unang'aa kiasi cha kuumiza macho, na maji juu ya magnesiamu inayoungua huongeza balaa badala ya kuliondoa.

Mahali pa kufanyia

Gawa mazoezi mara mbili. Kukwaruza na kugonga bila kishika moto ni zoezi la mkono tu, na unaweza kulifanya juu ya sinia pana la bati, mbali na vitambaa na karatasi. Kuwasha hasa kunafanyika nje, juu ya udongo, zege au kigae, pakiwa na ndoo ya maji na mchanga karibu. Nguo ziwe za pamba, nywele zifungwe, mikono mipana ikunjwe. Petroli, spiriti na mafuta ya taa visiwe karibu hata kidogo. Mtoto akijifunza, mtu mzima asimame pale pale, siyo dirishani.

Wanaofuata njia ya kaa wana hatari yao nyingine. Mwali unaonekana, kaa linaweza lisionekane kwenye mwanga wa mchana. Kipande kilichoguswa na cheche usikirudishe ndani ya kopo pamoja na vingine hata kama kinaonekana kimezima. Kaa la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kula akiba yote.

Vishika moto vya upande wa kaa

Mfalme wa upande huu ni mkaa wa kitambaa. Ukijua mkaa wa kuni unavyochomwa kwenye tanuri lililofukiwa, umeshaelewa: ni kuunguza bila kuruhusu hewa ya kutosha kuleta mwali, mpaka kila kinachoweza kuondoka kwa moshi kiondoke na kubaki kaboni. Tofauti ni kwamba hapa tanuri ni kopo na kuni ni nguo.

Nguo iwe ya pamba tupu au kitani. Jinzi kuukuu, taulo, fulana ya pamba, vyote vinafaa, na nguo nene hutoa mkaa unaoshikika bila kuvunjika. Ukiwa na shaka choma uzi mmoja. Pamba huacha jivu laini linalopeperuka, wakati poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kata vipande vya mraba vyenye upana wa vidole vitatu hivi, vipange bila kuvikandamiza ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, na toboa kifuniko tundu dogo kwa msumari. Tundu ni la lazima, kwani kopo lililozibwa kabisa linaweza kufyatuka. Kama kopo lina rangi au utando wa plastiki ndani, lichome kwanza likiwa tupu.

Liweke juu ya makaa au jiko, nje. Moshi utaanza kutoka tunduni, wakati mwingine utashika moto wenyewe na kuwaka kama mshumaa mdogo, uache. Ndani ya dakika tano hadi kumi na tano, kutegemea ukali wa moto na wingi wa nguo, moshi utapungua kisha utakoma. Epua, ziba tundu kwa kijiti, na usifungue mpaka kopo lipoe hata uweze kulishika kwa mkono mtupu. Ukilifungua likiwa la moto, hewa inaingia na kila kitu kinageuka jivu mbele ya macho yako.

Mkaa mzuri ni mweusi tii, unanyumbulika kidogo, na nyuzi za nguo bado zinaonekana. Ukiwa wa kahawia haujaiva, rudisha. Ukisambaratika ukiugusa, umepitiliza au hewa iliingia. Ukishaiva vizuri, hata cheche moja dhaifu ya gumegume hutua, ikaacha nukta nyekundu, na nukta ikaanza kupanuka. Kasoro yake ni mbili. Unanyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hukaa ndani ya kopo lililofungwa. Na hauwaki mwali wenyewe hata ukiuvuvia mpaka kizunguzungu. Lazima uhamishiwe kwenye kiota cha nyuzi kavu.

Mbao iliyooza ikawa laini na nyepesi hutengenezwa mkaa kwa kopo hilohilo na hufanya kazi karibu sawa. Kuna pia uyoga mgumu unaoota kwenye vigogo, *Fomes fomentarius*, ambao nyama yake ya ndani hupokea cheche baada ya kuandaliwa. Ötzi, yule mtu aliyekutwa ndani ya barafu ya milima ya Alpi mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa ameubeba, nao ulikuwa na chembe za pairiti, jiwe ambalo likigongwa hutoa cheche hafifu. Kwa hiyo njia ya kaa ni ya zamani kuliko chuma chenyewe. Ilikuwa ya kila siku majumbani Ulaya mpaka Mwingereza John Walker alipoanza kuuza njiti za kiberiti cha kusugua mwaka 1827. Kwa mazoezi ya nyumbani, hata hivyo, sioni sababu ya kuhangaika na uyoga. Nguo kuukuu ipo kila mahali, na ukikosea unachopoteza ni kitambaa.

Vishika moto vya upande wa mwali

Huku mashindano ni makali zaidi, na ndiko watu wanakobishana.

Pamba tupu, ikichambuliwa mpaka ikawa kama ukungu, ndiyo inayoshika kwa urahisi kuliko zote. Cheche za ufito zinaigusa na mwali umepanda. Lakini inaisha upesi mno, hata dakika haifiki, na vijiti vyako havijapata moto bado. Kwa kujifunza kulenga cheche inatosha kabisa. Kwa kuwasha moto wa kukaa haitoshi. Angalia pia kwamba ni pamba kweli. Baadhi ya zile za kujisafishia uso ni nyuzi za poliesta, nazo huyeyuka.

Pamba yenye mafuta ya mgando hutatua tatizo hilo. Mafuta hayo peke yake hayashiki cheche; pamba inakuwa utambi, inayafyonza na kuyaachia kama mvuke unaoungua, na bonge dogo linaweza kuwaka dakika tatu, nne au zaidi. Maji hayaliingii kwa urahisi. Kosa la kawaida ni kulilowesha kupita kiasi. Bonge lililojaa mafuta hadi ndani halina uzi mkavu wa kupokea cheche, na litaangaliana na wewe tu. Yapake nje, moyo uache mkavu, na wakati wa kutumia livute litanuke mpaka nyuzi kavu zitokeze. Hakuna haja ya kuyeyusha mafuta jikoni, yatashika kwa vidole. Ubaya wake ni uchafu wa mikono, na mikono yenye mafuta ya kuungua haifai kukaribia cheche, kwa hiyo futa vidole kabla ya kukwaruza.

Kamba ya juti ndiyo ninayoiona inadharauliwa. Kata kipande cha urefu wa kidole, ifumue nyuzi moja moja, kisha zisugue kati ya viganja mpaka ziwe manyoya. Ikiwa kavu inashika cheche za ufito, na inawaka kwa muda mrefu kuliko pamba tupu. Isipochambuliwa vya kutosha haishiki kabisa, na hapo ndipo wengi huikatia tamaa mapema. Katani ya mkonge ni ngumu zaidi. Nyuzi zake ni nene, kwa hiyo zinahitaji kukwanguliwa kwa kisu mpaka zitoe unga na vinyweleo.

Vumbi la nyuzi linalobaki kwenye chujio la mashine ya kukaushia nguo lina sifa kubwa kuliko linavyostahili. Likitokana na taulo na mashuka ya pamba linashika vizuri, ingawa huungua upesi. Likitokana na nguo mchanganyiko linanuka, linayeyuka na kuzima. Huwezi kujua umeshika lipi mpaka ulijaribu, na kwa mtu anayejifunza hilo ni tatizo: ukishindwa hujui kama ni mkono au ni nguo za wiki iliyopita.

Sufi huwaka kwa kishindo na kwisha, kama pamba tupu ila haraka zaidi. Nyasi laini zilizokauka na nyuzi za ndani ya gome ni nzuri sana zikiwa kavu, ila zinabadilika kila siku kulingana na hewa, kwa hiyo ningeziacha mpaka mkono uzoee.

Kisha kuna vile vidonge vya nta na maranda vinavyomiminwa kwenye makasha ya mayai. Vinaungua muda mrefu na ni vizuri kuwa navyo, lakini visiwekwe kwenye orodha hii. Havipokei cheche. Vinapokea mwali kutoka kwa kingine. Ukitaka nta upande huu, chovya nusu tu ya kipande cha pamba, na wakati wa kutumia chambua nusu kavu.

Kipi kiende na kipi

| Kishika moto | Ufito wa feroseriamu | Chuma na gumegume |
|---|---|---|
| Mkaa wa kitambaa | Unashika mara moja, lakini unapata kaa tu | Ndiyo jozi yake |
| Pamba tupu | Mwali papo hapo, unaisha upesi | Haishiki |
| Pamba na mafuta ya mgando | Mwali wa dakika kadhaa, ikivutwa vizuri | Haishiki |
| Juti iliyochambuliwa | Mwali, ikiwa kavu na laini | Haishiki cheche, ila ni kiota kizuri cha kaa |
| Vumbi la nyuzi | Inategemea nguo | Haishiki |
| Nta na maranda | Haishiki, inataka mwali | Haishiki |

Ukiitazama safu ya kulia utaona kwa nini wanaonunua chuma na gumegume bila kutengeneza mkaa wa kitambaa hukata tamaa. Safu nzima ina jozi moja tu inayofanya kazi.

Mkono nao

Ufito mpya una rangi nyeusi ya kuulinda; ikwangue kwanza, la sivyo hutapata kitu. Kikwaruzo kiwe na ukingo wa pembe mraba, mkali. Mgongo wa kisu au kipande cha msumeno wa chuma hufanya kazi kuliko vile vibati vinavyokuja na ufito. Weka ncha ya ufito karibu kabisa na kishika moto, tuliza mkono wa kikwaruzo usiende popote, kisha vuta ufito kurudi nyuma kwa mgandamizo. Ukisukuma kikwaruzo mbele, mkono unafuata na kukipiga teke kile kiota ulichokiandaa kwa dakika kumi. Mkwaruzo wa taratibu wenye nguvu hutoa cheche kubwa chache, wa haraka hutoa nyingi ndogo. Kwa juti ningetumia wa kwanza.

Kwenye gumegume, mkaa wa kitambaa unalazwa juu ya jiwe, ukingo wake ukilingana na ukingo wa jiwe, na dole gumba likiushikilia. Chuma kinashuka kwa kuparaza, kama unataka kumenya jiwe ganda jembamba. Ukilipiga moja kwa moja unavunja jiwe na kuumiza vidole. Hapa ndipo ninapoona chuma kinafundisha zaidi. Pembe ikikosewa kidogo, cheche hazipo. Mwenye ufito anaweza kufaulu kwa nguvu tupu na asijue kwa nini.

Kaa likipatikana, usilikimbilie. Liache litambae mpaka lifike ukubwa wa ukucha, lilaze katikati ya kiota cha juti, kikunje kwa upole ili nyuzi ziliguse, kisha vuvia pumzi ndefu na nyembamba. Moshi utakuwa mweupe na mzito kabla ya mwali kupanda. Ukiwa nyumbani shika kiota kwa koleo au kiweke juu ya kigae. Kukibeba viganjani kunapendeza kwenye picha tu, kwa sababu mwali hautoi taarifa.

Ningechagua nini

Kwa mtu anayetaka kujua kuwasha moto siku ya shida na hana hamu na historia, jozi ni ufito wa milimita 8 au zaidi na pamba yenye mafuta ya mgando. Inasamehe makosa, haiogopi kulowa, na inampa muda wa kupanga vijiti. Afanye mazoezi na pamba tupu kwanza, halafu ahamie kwenye ile yenye mafuta. Akishindwa kuwasha pamba tupu, kasoro ni ya mkono au ya kikwaruzo, na ni vizuri ajue hilo mapema.

Mwenye kiberiti cha gesi kilichoisha na gunia la juti asinunue chochote mpaka avimalize hivyo.

Kwa anayependa kazi yenyewe, mwenye subira, au mwenye nafasi ndogo, ni chuma, gumegume na kopo la mkaa wa kitambaa. Gharama yake ni asubuhi moja ya moshi nje ya nyumba. Baada ya hapo kopo hilo humtosha kwa mazoezi mengi.

Na anayetaka zote mbili anunue bunda moja la kamba ya juti kabla ya vingine vyote, kwa kuwa ndiyo pekee kwenye jedwali yenye kazi pande zote. Achunguze kwanza. Kamba nyingine za rangi hiyohiyo ni plastiki iliyosokotwa ifanane na juti, na magunia vivyo hivyo. Uzi mmoja kwenye mwali wa mshumaa unatosha kumwambia: ukikunjamana na kudondosha tone jeusi, hiyo ni ya kufungia mizigo.